Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vichezeo vya Watoto na Mgawanyo wa Wavulana na Wasichana

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wa chekechea nchini Uganda wanaosoma Kiswahili, wawe Kampala, Arua, Kasese au Busia mpakani. Maswali ni yale ambayo watu huuliza kweli, mengine kwa upole na mengine kwa hasira kidogo, na hayakupangwa kwa kufuata umuhimu.

Suala lenyewe ni lipi?

Ni mazoea ya kuamua, kabla mtoto hajasema lolote, kwamba gari, mpira, nyundo na matofali ya kujengea ni vya mvulana, na kwamba mwanasesere, visufuria na seti ya vipodozi vya plastiki ni vya msichana. Hatusemi kwamba mwanasesere ni mbaya au kwamba gari ni bora kuliko sufuria. Tunachokipinga ni kile kitendo cha mtu mzima kumpokonya mtoto kitu alichokishika kwa hamu na kumwambia, "Weka chini, hicho si chako." Kwa hapa Uganda tunaongeza jambo la pili ambalo maandishi mengi ya kutoka nje hayaligusi, nalo ni kujua nani katika nyumba anapata muda wa kucheza.

Je, haya si mambo ya Wazungu? Watoto wetu wengi hawanunuliwi kichezeo hata kimoja.

Ni kweli kwamba watoto wengi nchini hujitengenezea vichezeo vyao, na pengine hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mgawanyo tunaouzungumzia haukuja na maboksi ya dukani. Umo hata katika vitu ambavyo mtoto ameviokota uani.

Mtazame mvulana wa miaka tisa anayeunda gari la waya. Hukusanya vipande vya waya mahali popote penye ujenzi, akakunja umbo la gari kwa meno na mawe, akakata magurudumu kutoka kwenye soli ya ndala iliyochakaa au akatumia vifuniko vya jerikani, kisha akafunga mwanzi mrefu wenye usukani kwa juu ili aliendeshe akiwa amesimama wima. Gurudumu likitobolewa pembeni badala ya katikati, gari litayumba, naye atalichomoa na kuanza upya bila kuambiwa na mtu. Dada yake, kwa upande wake, huchuna nyuzi kavu za mgomba, zile ambazo Waganda huziita ebyayi, akaviringisha kichwa, akakaza kiuno kwa kamba na kumvika mwanasesere wake kipande cha kitenge. Msimu wa mahindi ukifika huchuma hindi changa lenye nywele zake na kuzisuka mistari. Kule Karamoja na Ankole, wavulana hufinyanga ng'ombe wa udongo, wakawatia pembe na kuwajengea zizi. Kazi zote hizi zinadai ustadi wa mikono, na hatuoni sababu ya kuziweka juu au chini.

Tofauti huonekana pale mchezo unapoishia. Gari la waya humtoa mvulana nyumbani, akalisukuma hadi barabarani na pengine hadi kijiji cha pili, na akichelewa kurudi huonekana mtundu tu. Mwanasesere wa mgomba hufungwa mgongoni, na msichana huendelea kufagia uwanja akiwa naye. Baada ya mwaka mmoja au miwili, anayefungwa mgongoni ni mdogo wake halisi. Jioni, watoto wote wawili wanapotoka shule, mmoja hutafuta wenzake wa kucheza mpira wa kavera, yaani wa mifuko ya plastiki, na mwingine hupewa jerikani, kisu cha kumenyea matoke, au mtoto wa kubeba. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba katika nyumba nyingi za Uganda swali la kwanza linahusu ratiba ya jioni, na rangi ya kichezeo inafuata baadaye sana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na haukuandikwa kwa ajili ya mtoto wa kiume peke yake.

Kuna ubaya gani basi msichana akipenda mwanasesere?

Hakuna ubaya wowote. Kumlea mwanasesere humfundisha mtoto kuzungumza, kupanga kisa na kumfikiria mwenzake. Tatizo huanza pale anapokuwa na mwanasesere tu, miaka yote, na kila zawadi inayofuata ikawa ufagio mdogo, kijiko kikubwa au kitanda cha huyo huyo mwanasesere.

Lakini si maumbile? Mvulana hukimbilia gari hata kabla hajafundishwa.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na anayekujibu kwa sentensi moja, kwa upande wowote ule, hajalitendea haki. Wataalamu hawakatai kwamba kwa wastani wavulana na wasichana huonyesha mapendeleo tofauti mapema sana, na wapo wanaoamini kwamba homoni zina sehemu yake. Mwaka 2002 watafiti Gerianne Alexander na Melissa Hines walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa tumbili waliofugwa nchini Marekani. Madume yalishughulika zaidi na gari na mpira, na majike yakashughulika zaidi na mwanasesere na sufuria. Jaribio hilo hutajwa sana na wale wanaotaka kumaliza mjadala, ingawa ni halali kuuliza tumbili ambaye hajawahi kupika aliona nini cha kike katika sufuria.

Mfano ulio karibu zaidi nasi unatoka katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, magharibi mwa Uganda, si mbali na Fort Portal. Kule Kanyawara, sokwe wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1987. Mwaka 2010 Sonya Kahlenberg na Richard Wrangham waliripoti, baada ya kupitia kumbukumbu za miaka 14, kwamba sokwe wachanga wa hapo hubeba vijiti kwa namna inayofanana na mama anavyombeba mtoto, wakaingia navyo hata ndani ya viota wanamolala, na kwamba majike wachanga hufanya hivyo kuliko madume. Majike hao huacha tabia hiyo wanapozaa mtoto wao wa kwanza. Ukisimama hapo, utasema maumbile yameshinda.

Usisimame hapo. Watafiti hao hao walieleza kwamba tabia hiyo haijaonekana kwa kawaida katika jamii nyingine za sokwe zilizochunguzwa kwa muda mrefu, jambo linaloashiria kwamba sokwe wa Kanyawara hujifunza kutoka kwa wenzao, yaani ni desturi ya mahali pale. Isitoshe, katika miaka ya 1990 Wrangham alimwona dume mchanga aliyeitwa Kakama, ambaye mama yake alikuwa na mimba, akibeba gogo kwa saa kadhaa mtini na ardhini, na hatimaye akalitengenezea kiota kidogo na kulilaza humo. Hakuna sokwe mkubwa aliyempokonya Kakama gogo lake akimwambia kwamba ni la majike.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba hata kama maumbile yanasukuma kidogo, wastani wa kundi hauwezi kukwambia mtoto wako mmoja anapenda nini. Na kama mapendeleo hayo yangekuwa na nguvu kiasi hicho, watu wazima wasingehitaji kutumia bidii nyingi kiasi hiki kuyalinda.

Watoto huanza lini kujua kwamba kitu fulani ni cha jinsia fulani?

Mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kufikia miaka mitatu hivi, watoto wengi wanaweza kujitaja kuwa ni wavulana au wasichana, na hapo huanza kutafuta kanuni: nani avae nini, nani aketi wapi, nani ashike nini. Kati ya miaka mitatu na sita huwa wakali wa kanuni hizo kuliko hata nyanya zao.

Ila mafunzo huanza kabla ya hapo. Katika jaribio lililochapishwa na Caroline Smith na Barbara Lloyd nchini Uingereza mwaka 1978, akina mama walipewa watoto wachanga wasiowafahamu, wa miezi sita hivi, ili wacheze nao. Mtoto aliyevishwa kama msichana aliletewa mwanasesere, na aliyevishwa kama mvulana aliletewa nyundo ya kuchezea na kuhimizwa zaidi kujirusharusha na kutambaa, hata pale ambapo mavazi hayakulingana na jinsia yake halisi. Mtoto wa miezi sita hakuwa amechagua chochote.

Rangi ya waridi ni ya wasichana tangu lini?

Si tangu zamani. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, hapakuwa na makubaliano, na mwaka 1918 jarida moja la wauza nguo za watoto lilishauri waridi kwa wavulana, kwa hoja kwamba ni rangi yenye nguvu, na buluu kwa wasichana kwa kuwa ni ya upole. Mpango tunaoujua leo ulikaa sawa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hapa nchini zipo shule za msingi ambazo sare yake ni ya waridi kwa wote, na wavulana wa darasa la saba hupanga foleni asubuhi wakiwa na mashati ya waridi bila mtu kugeuza shingo. Wakati huo huo baba wa mmoja wao anaweza kukataa kumnunulia chupa ya maji ya rangi hiyo hiyo.

Kwa nini basi watengenezaji na wafanyabiashara hutenganisha?

Kwa sababu inalipa. Familia yenye binti mkubwa na mvulana mdogo ingeweza kurithisha baiskeli moja; baiskeli ikiwa ya waridi yenye riboni, mzazi hujiona amelazimika kununua nyingine. Mtafiti Elizabeth Sweet, aliyechambua matangazo ya vichezeo katika katalogi za duka la Sears la Marekani, alikuta kwamba zile za mwaka 1975 zilikuwa na vichezeo vichache sana vilivyotangazwa waziwazi kuwa vya wavulana au vya wasichana, na kwamba mgawanyo mkali ulirudi katika miongo iliyofuata. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ililegeza kanuni za televisheni za watoto, na vipindi vizima vikaanza kutengenezwa ili kuuza kichezeo fulani kwa kundi fulani.

Mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini Kampala, hapangi lolote kati ya hayo. Yeye hupokea katoni kutoka China ambayo tayari ina picha ya mvulana juu ya boksi la roboti na picha ya msichana juu ya boksi la jiko, akazipanga kama zilivyokuja, kisha mteja anapofika swali lake la kwanza ni lile lile: "Ni wa kike au wa kiume?" Ukitaka kumjibu vingine, mwambie umri wa mtoto na anachokipenda, uone rafu ngapi zitafunguka. Katika marobota ya vichezeo vya mitumba pale soko la Owino, Kampala, ambako maboksi yameshatupwa na kila kitu kimechanganywa, watoto huchagua kwa uhuru ambao duka la vioo haliwapi.

Kuna ushahidi kwamba mgawanyo huu unadhuru?

Upo, ingawa si wa kutisha kama baadhi ya wanaharakati wanavyoueleza. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, Aurora Sherman na Eileen Zurbriggen waliwapa wasichana wa miaka minne hadi saba wanasesere wa kuchezea kwa dakika chache, wengine Barbie na wengine kichezeo chenye umbo la kiazi. Baadaye waliocheza na Barbie walitaja kazi chache zaidi ambazo wao wenyewe wangeweza kuzifanya wakiwa wakubwa kuliko zile walizosema mvulana angeziweza, na haikuleta tofauti kama Barbie huyo alivalishwa mavazi ya daktari au ya fasheni. Waliocheza na kiazi hawakuonyesha pengo kubwa namna hiyo. Ni utafiti mdogo, wa wasichana wasiozidi arobaini, nasi tusiupe uzito usio wake.

Lililo imara zaidi linahusu michezo ya kujenga. Uwezo wa kuzungusha umbo akilini, kukadiria umbali na kuelewa jinsi vipande vinavyoshikana ni uwezo unaokua kwa mazoezi, na matofali ya kupanga, mafumbo ya kuunganisha na yale magari ya waya ni mazoezi hayo. Msichana asiyewahi kuvishika huingia darasa la fizikia akiwa amekosa miaka ya mazoezi ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ilikuwa mazoezi. Uganda imejaribu kurekebisha pengo la elimu upande wa juu: tangu mwaka 1990 wasichana huongezewa alama 1.5 wanapoomba kujiunga na vyuo vikuu vya umma. Hatua hiyo iliwafungulia wengi milango, lakini kusubiri mpaka mtu awe na miaka kumi na minane ndipo umwongezee alama, ilhali angeweza kupewa matofali ya mbao akiwa na miaka minne, ni njia ya mzunguko.

Kwa wavulana hasara huzungumzwa kidogo, nasi tunaona ni kubwa vilevile. Mvulana asiyeruhusiwa kubembeleza, kulisha wala kulaza chochote anafika umri wa kuwa baba bila kufanya mazoezi hayo hata kwa mchezo.

Mvulana akicheza na mwanasesere, hatakuwa na tabia za kike?

Tunapokea swali hili kuliko mengine yote, mara nyingi kutoka kwa baba, na mara nyingi nyuma yake kuna hofu kubwa kuliko maneno yenyewe. Hakuna ushahidi kwamba kichezeo huamua mtoto atakuwa mtu wa namna gani. Mvulana wa miaka minne anayemfunika mwanasesere shuka anaiga alichokiona: mtu mzima akimfunika mtoto shuka. Ikiwa aliyemwona akifanya hivyo ni baba yake, basi anamwiga baba yake.

Tukumbuke pia kwamba wavulana wa Uganda hawajawahi kuwa mbali na malezi. Katika nyumba isiyo na binti, mvulana mkubwa hubeba wadogo zake, huwalisha uji na huwaogesha, na majirani humsifu kwa kumsaidia mama. Ni ajabu kwamba mvulana huyo huyo, akishika mtoto wa plastiki badala ya mtoto wa nyama na damu, huonekana anapotea.

Watengenezaji waliijua hofu hii zamani na wakaifanyia biashara. Mwaka 1964, miaka mitano baada ya Barbie kuingia sokoni, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuuza askari G.I. Joe, mwenye viungo vya kukunja na nguo za kubadilisha, yaani mwanasesere kwa kila hali, lakini wauzaji wake walikataa katakata aitwe hivyo. Wavulana kwa mamilioni walicheza naye, wakamvisha na kumvua, na baba zao hawakushtuka.

Ikiwa baba wa mtoto bado hakubali, hatushauri mama aanze ugomvi kwa ajili ya mwanasesere mmoja. Dubu wa kitambaa, tumbili wa kushonwa au ng'ombe wa udongo anayelishwa na kulazwa hufanya kazi ile ile.

Dini zinasemaje?

Sisi si mashekhe wala wachungaji, na mwenye swali la kifiqhi amwulize anayemwamini. Waislamu wanaosoma ukurasa huu huenda wanakumbuka hadithi mashuhuri inayosimuliwa kuhusu Bibi Aisha, kwamba miongoni mwa wanasesere wake alikuwamo farasi mwenye mabawa ya kitambaa. Mtume alipomwuliza farasi gani ana mabawa, akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleimani walikuwa nayo, na Mtume akacheka. Msichana alikuwa na farasi, na aliyemwona alifurahi.

Binti yangu anataka baiskeli, kupanda miti na kucheza mweso. Wazee wanasema ni mwiko.

Miiko hii ipo na haina haja ya kudharauliwa, kwa maana kila mmoja ulikuwa na mazingira yake. Katika sehemu nyingi za nchi msichana alikatazwa kupanda mti, na katika baadhi alikatazwa kuendesha baiskeli. Mweso, ubao wenye mashimo 32 na kete 64, kwa desturi ulikuwa mchezo wa wanaume waliokaa kivulini. Msichana alibaki na kamba ya kuruka na kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira ambao Watanzania huuita rede.

Lakini mambo yamesogea, na mara nyingi wazee wenyewe ndio waliyasogeza. Phiona Mutesi alijifunza sataranji katika mtaa wa Katwe, mjini Kampala, na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa katika mchezo huo; anayeweza kupanga vipande vya sataranji anaweza kuhesabu kete za mweso. Peruth Chemutai wa Bukwo alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021 katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kufanya hivyo. Timu ya taifa ya soka ya wanawake, Crested Cranes, ina wachezaji ambao wengi wao walianza na mpira wa nyuzi za mgomba kama kaka zao.

Kuhusu baiskeli tunasema wazi kwamba mwiko huu una gharama. Anayebeba maji ni msichana, na chombo ambacho kingembebea jerikani la lita 20 ndicho anachokatazwa kukipanda.

Nina mashaka na bunduki za plastiki. Je, nazo ni sehemu ya suala hili?

Ndiyo, kwa sababu hununuliwa karibu kwa wavulana peke yao. Katika nchi ambayo kaskazini yake ilipitia vita vya waasi wa LRA kwa takriban miaka ishirini, na watoto wakatekwa na kushikishwa bunduki za kweli, sisi binafsi hatuoni kwamba ni kichezeo kama vingine. Ni kweli pia kwamba ukimnyima mvulana bunduki ya plastiki, ataiunda kwa bua la mhindi kabla ya chakula cha mchana. Acha aiunde; hilo ni tofauti na wewe kumnunulia na kumwambia kwamba ndicho kitu cha mwanamume.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nifanye nini darasani?

Anza kwa kutazama bila kusema neno. Katika wiki moja, andika nani anacheza kona ipi. Walimu wengi hugundua kwamba kona ya nyumba imejaa wasichana na kona ya ujenzi imejaa wavulana, na kwamba mvulana mmoja mwenye sauti kubwa ndiye mlinda mlango wa matofali. Kisha sogeza kona hizo mbili pamoja. Visufuria vikikaa kando ya matofali, watoto hujenga jiko, soko au hoteli ya chapati, na mchezo unakuwa wa wote bila hotuba.

Acha kugawa watoto kwa amri kama "wavulana wachukue mipira, wasichana wachukue kamba." Gawa kwa herufi ya kwanza ya jina au kwa meza wanazokaa. Wakati wa sherehe ya kufunga mwaka, usifunge zawadi katika mafungu mawili. Weka zote mezani na kila mtoto achague kwa zamu. Vifaa visikupe hofu: vifuniko vya chupa, mbegu, maboksi, magunzi na nyuzi za mgomba havina picha ya mtoto yeyote juu yake.

Je, kuna sheria kuhusu jambo hili?

Uganda haina sheria inayotaja vichezeo kwa namna hii, ingawa Katiba ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi wa kijinsia. Kwingineko zimechukuliwa hatua. Ufaransa ilitia saini mwaka 2019 mkataba wa hiari kati ya serikali na wenye viwanda vya vichezeo. Nchini Hispania kanuni za matangazo ya vichezeo zilianza kutumika mwishoni mwa mwaka 2022. Jimbo la California, tangu mwaka 2024, linayataka maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 au zaidi kuwa na sehemu ya vichezeo isiyotenganisha wavulana na wasichana. Hatudhani kwamba Kampala inahitaji kuiga California. Maduka yetu ni madogo, na kazi kubwa iko nyumbani.

Shangazi ameleta zawadi ya jiko la plastiki kwa binti na gari kwa mvulana. Nimkatalie?

Hapana. Mshukuru vizuri, kwa kuwa zawadi ni heshima. Akishaondoka, weka vyote katika kapu moja bila kutangaza ni cha nani. Watoto wakiachwa, gari litabeba ndizi hadi jikoni na jiko litakuwa gereji.

Mtoto wangu anachekwa na wenzake. Nimwambie nini?

Kwanza tambua kwamba uzito haulingani. Katika utafiti ambao kampuni ya LEGO iliuagiza kutoka Taasisi ya Geena Davis na kuutangaza mwaka 2021, asilimia 71 ya wavulana walisema wanahofia kuchekwa wakicheza na kitu kinachohusishwa na jinsia nyingine, na kwa wasichana ilikuwa asilimia 42. Nchi saba zilihusishwa na hakuna hata moja ya Afrika, lakini yeyote aliyesimama kwenye uwanja wa shule hapa kwetu atautambua mwelekeo huo: msichana anayecheza mpira huitwa shupavu, na mvulana anayeruka kamba hupewa jina ambalo atalibeba muhula mzima.

Usimwambie apuuze, maana mtoto wa miaka sita hawezi. Mpe sentensi fupi ya kujibu, aizoee nyumbani: "Kamba ni ya anayeiruka." Ikiwezekana, mwambie pia kwamba mabondia huruka kamba kila siku mazoezini, na umpeleke akawaone, kwa kuwa klabu za ndondi zimejaa Kampala. Mwalimu aambiwe mapema, na aombwe aruke naye mara moja mbele ya wote. Mtoto akiamua mwenyewe kuiacha kamba kwa muda, mwache. Iweke mahali anapoweza kuifikia, na usimwulize kila jioni kama leo ameruka.